Rafiki yangu anamlea mwanangu kwa malipo: tuandikiane, au nimtafutie mtoto mahali pengine?

Mama wa Kinyerezi

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kumlipa rafiki, au kulipwa na rafiki, kwa kazi ya kulea mtoto.

Ninafanya kazi ofisini mjini, upande wa Posta, na ninaishi Kinyerezi na mume wangu, ambaye kazi yake humweka safarini sehemu kubwa ya mwezi. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipokaribia kwisha, dada wa kazi niliyemtegemea alirudi kwao Singida. Shoga yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, akaniambia nimpelekee mtoto kwake, kwa kuwa naye alikuwa nyumbani na mtoto mchanga baada ya duka alilokuwa akiuza kufungwa. Nilipomuuliza nimlipe kiasi gani, alijibu kwamba nitampa chochote nitakachojaliwa. Nikaamua 100,000 kwa mwezi, mbali na maziwa, unga wa lishe na pampasi ninazopeleka mwenyewe, na tangu siku hiyo hatujalizungumza tena jambo la bei. Mwanangu sasa ana mwaka mmoja na miezi minne, ana afya, ni mchangamfu, na anampenda shoga yangu kiasi cha kumwita mama. Kuhusu malezi yenyewe sina shaka hata kidogo.

Kinachonisumbua ni yale yanayoyazunguka malezi hayo. Hutoka nyumbani kabla ya saa 12 asubuhi ili niwahi usafiri, na jioni, foleni ya Tabata ikikaa vibaya, humchukua mtoto saa 1 usiku na mara nyingine saa 2. Shoga yangu hajawahi kulalamika, lakini siku hizi namkuta amekwisha kumvalisha mtoto sweta na kumkalisha karibu na mlango na mfuko wake, na mazungumzo yetu, ambayo zamani yalikuwa hayaishi, sasa ni salamu tu. Mwezi Januari nilimkopesha 150,000 za sare na mahitaji ya shule ya mwanawe mkubwa, naye akasema nizikate kidogo kidogo, kwa hiyo nimekuwa nikimpa 70,000. Wote wawili tumo katika kikoba kimoja cha mtaani, na mwezi uliopita alishindwa kuweka hisa zake, wenzetu wakamsema mbele ya watu nami nikanyamaza. Wakati wa Idd alikwenda kwao Bagamoyo kwa siku kadhaa. Sikujua kama siku zile zina malipo au hazina, nikamlipa, lakini ilinibana kwa sababu nilimlipa pia binti aliyeshika nafasi yake. Na sasa amepokea watoto wengine wawili wa majirani, jambo nililolijua kwa kuwakuta pale.

Je, nikimletea karatasi ya mkataba hataona kwamba ninamgeuza mtumishi wangu? Au nimhamishie mtoto kituoni, tubaki marafiki kama zamani? Nisingependa kumpoteza mtu huyu kwa sababu ya fedha.

Mlezi wa Kihonda

Pole mwenzangu, na ninashukuru umeuliza kabla maneno hayajaharibika. Ninakujibu nikiwa upande wa pili, kwa maana mimi ninamlea kwa malipo mtoto wa rafiki yangu hapa Morogoro, na kabla yake nimelea wa watu wengine.

Shoga yako aliposema umpe chochote, usidhani alikuwa amepiga hesabu akaridhika. Mtu aliyepoteza kazi, anayeulizwa bei na rafiki ambaye amemzoea kwa kugawana naye chumvi na mkaa, huona haya kutaja kiasi, akitumaini kwamba mwenzake atafikiri kwa niaba yake. Wewe ulitaja kiasi, yeye akakipokea, na kila mmoja akaamini kuwa mwenzake ameridhika. Sasa hivi anahesabu, na wewe unahesabu, lakini mnahesabu kila mtu nyumbani kwake.

Nikueleze saa 12 jioni ilivyo kwa mlezi, kwa sababu wanaokuja kumchukua mtoto hawaioni. Saa hiyo ndipo nyumba yangu yote inapodai haki yake: jiko la mkaa halijawaka, maji ya kuwaogesha watoto hayajachemka, wa shule anataka kusaidiwa hesabu, na mtoto wa mwenzangu, ambaye amechoka na kumkumbuka mamaye, hataki kushuka mgongoni. Nikiwa naye mgongoni siwezi kuinama juu ya jiko wala kukaanga kitunguu, kwa kuogopa mafuta yasimrukie. Kwa anayechelewa ni saa moja tu iliyozidi, lakini kwangu ni chakula cha nyumba nzima kilichosogea, na mume anayeuliza kwa nini tunakula saa 3. Mtoto kuvalishwa sweta na kuwekwa karibu na mlango si chuki. Ni mtu anayesema kwa mikono jambo ambalo mdomo umeshindwa kulisema.

Mimi na rafiki yangu tuna daftari moja. Asubuhi yeye huandika mtoto amekula nini, amelala vipi na kama amepewa dawa, na jioni mimi huandika ya kwangu. Katika ukurasa wa kwanza ndipo tulipoandika mapatano yetu: saa ya kumleta, saa ya kumchukua, malipo kuingia kwenye simu tarehe 28 kabla hajafanya matumizi mengine yoyote, na nyongeza kwa kila saa inayozidi. Mwanzoni yeye aliona aibu kunipa ile nyongeza nami niliona aibu kuipokea, ndipo tukakubaliana iandikwe tu na kulipwa yote mwisho wa mwezi, ili pale mlangoni pasiwe na fedha kati yetu na salamu ibaki salamu.

Jambo la mwisho, na unisamehe nikilisema wazi. Shoga yako alishindwa kuweka hisa za kikoba katika miezi hii ambayo unamkata 30,000, yaani karibu theluthi moja ya kipato chake. Wenzenu walipokuwa wakimsema, wewe peke yako pale ndani ndiye uliyejua fedha yake imekwenda wapi. Hilo ndilo ningelianza nalo siku mtakapokaa, kabla ya saa na kabla ya bei.

Afisa Kazi Mstaafu

Dada, nimefanya kazi ya ukaguzi wa masuala ya ajira kwa muda mrefu, na migogoro ya kazi za nyumbani iliyonifikia kati ya watu waliofahamiana ilikuwa migumu kuliko ile ya watu wasiofahamiana, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika chochote na kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake. Kwa hiyo ninakueleza sheria inavyotazama jambo lako, si kwa lengo la kukutisha, bali ili ujue ni vitu gani vinastahili kuzungumzwa.

Wengi hudhani kuwa bila karatasi hakuna ajira. Sivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo mojawapo ya mambo yaliyotajwa humo lipo. Miongoni mwake ni kwamba amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au kwamba anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi. Shoga yako, kwa ratiba uliyoieleza, anazifikisha saa hizo 45 ndani ya wiki moja tu. Hata kama mwanasheria angeweza kubisha kwamba anafanyia kazi nyumbani kwake na sasa ana watoto wa watu wengine, mwanzo wa hoja haungekuwa upande wako.

Ukikubali kumtazama hivyo, basi maswali yako mengi yana majibu ndani ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na hata pamoja na saa za ziada siku ya kazi haipaswi kupita saa 12. Wewe unamwachia mtoto kabla ya saa 12 asubuhi na kumchukua saa 1 au 2 usiku. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 mkitaka kuachana, nawe unastahili hiyo hiyo kutoka kwake. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na Idd ni sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo kumlipa alipokwenda Bagamoyo hakukuwa hisani. Deni halikatwi kwenye mshahara bila mwajiriwa kukubali kwa maandishi. Kuhusu kiasi, Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka 120,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyekaa kwa mwajiri. Viwango hivi hupandishwa kila baada ya muda, kwa hiyo ulizia kilichopo sasa katika ofisi ya kazi iliyo karibu nawe. 100,000 ni chini ya kile cha 2023, na 70,000 ndiyo kabisa.

Hao watoto wawili wapya ni suala jingine, ambalo ninaona hukulipa uzito wake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na mtu anayepokea watoto wa nyumba mbalimbali kwa malipo anaelekea huko hata kama yeye mwenyewe anajiona anawasaidia majirani tu. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu ndiye wa kumwona, na ninapendekeza shoga yako aende mapema kwa hiari yake, aelezwe masharti ya nafasi, vyoo, maji na usalama. Huenda hapo pakawa mwanzo wa shughuli yake halali, na wewe ukawa mteja wa kwanza badala ya mwajiri pekee. Wapo wanawake wengi katika miji yetu walioanza hivyo hivyo.

Baba wa Wawili, Mwanza

Nimesoma yote kwa makini, na kwa heshima ninatofautiana na waliotangulia. Ushauri wangu ni kwamba mtoto ahamie kituoni mwezi ujao, na deni lile lilipwe polepole bila kuunganishwa na kitu kingine chochote. Mkiishaanza kuhesabiana saa na nyongeza, urafiki unabaki jina tu. Kituoni ukichelewa unatozwa faini, unalipa, na hakuna aliyekunjiana uso na mwingine. Mimi na mke wangu tulichagua hivyo tangu mwanzo, ingawa dada wa mke wangu alijitolea, na hadi leo tunakula naye sikukuu zote kwa moyo mweupe.

Bibi wa Makorora

Wanangu, nawasalimu nyote kutoka Tanga. Nimelea wanangu, nimelea wajukuu, na wakati wa ujana wangu jirani ambaye nilimlipa alinisaidia kulea watoto, kwa hiyo mniruhusu niseme kidogo.

Baba wa Wawili, wewe na mkeo mlikataa kabla mtoto hajamzoea mtu, na hilo ni jepesi. Huyu mtoto wa Kinyerezi ana mwaka na nusu kasoro, na karibu umri wake wote amelala mchana kwenye kanga ya mama mmoja. Kumwondoa ghafla ili watu wazima wasione aibu ya kuzungumza ni kumtwisha mtoto mzigo wa wakubwa. Ikiwa lazima ahame, na ahame taratibu, akizoeshwa. Isitoshe, huyo shoga atauelewa vipi uhamisho huo? Atajua amefukuzwa, tena bila kuambiwa kosa.

Mwanangu wa Kinyerezi, wenzangu wamekueleza fedha na saa, na wameeleza vizuri. Mimi nakuuliza lile ambalo hukulisema: mtoto akipata homa saa 5 asubuhi, nani anaamua? Ni wewe unayepigiwa simu ukiwa kwenye kikao, au ni yeye anayempa dawa ya maji aliyonayo kabatini? Kadi ya kliniki iko kwa nani? Mtoto wako anakaribia miezi 18, kuna chanjo ya pili ya surua na rubela, nani atampeleka? Akimchapa mwenzake au akitupa chakula, shoga yako ana ruhusa ya kumkanya kwa namna gani? Nimeona marafiki waliovumiliana katika mambo ya fedha kwa miaka, wakatengana siku moja kwa sababu ya kijiko cha dawa. Hayo nayo yaandikwe kwenye daftari lile, pamoja na nauli ya bajaji ya kwenda hospitali, ambayo iachwe kwake siku zote katika bahasha, isije ikawa anatafuta fedha mtoto akiwa anatetemeka.

Kuhusu karatasi ya mkataba, Afisa anisamehe, mimi sioni kwamba ipelekwe ya kuchapwa kutoka ofisini. Kwa watu waliosoma pamoja, karatasi inayoletwa imekwisha andikwa na upande mmoja ni kama hukumu. Kaeni na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili, asiyekuwa wa kikoba chenu, mzungumze mbele yake, na muandike pamoja kwa kalamu moja. Mambo ya kukopeshana mtayaweka mbali kabisa na malipo, maana kukopa harusi, kulipa matanga.

Afisa Kazi Mstaafu

Shikamoo Bibi. Ninakubaliana nawe kwamba waandike pamoja, na sheria haidai karatasi iwe ya kuchapwa. Pale tu ninaposhikilia msimamo wangu ni kwamba shahidi pekee hatoshi, kwa sababu shahidi husafiri, husahau, na mara nyingine huegemea upande. Iandikwe kwa mkono, nakala mbili, kila mmoja na yake, yenye tarehe na sahihi. Ikitokea wameshindwana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea mashauri ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30 na madai mengine ndani ya siku 60, na pale kinachotazamwa kwanza ni maandishi. Ninaomba wasifike huko, na ndiyo sababu ninasisitiza.

Mama wa Kinyerezi

Shikamoo Bibi, na shikamoo Afisa. Dada wa Kihonda, yale uliyosema kuhusu hisa yamenikalia moyoni tangu jana, kwa sababu ni kweli sikuwa nimeyaunganisha.

Nimezungumza na mume wangu kwa simu. Amekubali kwamba wiki anazokuwepo yeye ndiye atakayemchukua mtoto saa 11 jioni, na wiki asizokuwepo nitamwomba mkuu wangu wa kazi niingie na kutoka mapema zaidi. Malipo tunaweza kuyafikisha 150,000, kwa kujibana. Kliniki nitampeleka mwenyewe, nitaomba ruhusa. Ninabaki na maswali mawili. La kwanza, lile deni, ambalo bado ni 60,000: nikilisamehe ataona ninamhonga au ninamdharau? La pili, siku ambazo yeye anaumwa au ana msiba, nani anamlipa anayeshika nafasi yake?

Bibi wa Makorora

Marahaba mwanangu. Deni usilisamehe ghafla. Mwache alipe, lakini yeye mwenyewe akuletee kwa wakati wake, na wewe umpe malipo yake yote bila kukata. Fedha ikiingia mkononi mwake kamili, ndipo atakapokuwa na uso wa kulipa. Na ikifika siku ukataka kumsaidia kitu kwa ajili ya watoto wake, msaidie kama shoga, bila kutaja kazi.

Mlezi wa Kihonda

Kwa swali la pili, sisi tulikubaliana hivi: siku zilizomo katika likizo yangu, na siku za ugonjwa, rafiki yangu hunilipa na kumgharamia pia anayeshika nafasi yangu. Hilo ni zito kwake, nami nalijua, ndiyo maana humwambia mapema kila ninapoweza na humtafuta mimi mwenyewe yule msichana, mtu ambaye mtoto amekwisha mwona nyumbani kwangu. Siku ninazoondoka kwa shughuli zangu binafsi nje ya hapo, silipwi. Tuliona tukiiacha wazi, kila msiba ungekuja na ugomvi wake.

Halafu, usimwite kwako kwa mazungumzo hayo, wala usiyafanye saa ya kumchukua mtoto. Nenda kwake Jumamosi asubuhi, umsaidie kazi aliyonayo, na uanze kwa kumuuliza kuhusu wale watoto wawili: wanamchosha kiasi gani, wazazi wao wanamlipa kiasi gani, na kama mahali panatosha. Mwache azungumze mpaka amalize. Atakapotaja mwenyewe bei anayowatoza wengine, nawe utajua bei yake ya kweli ni ipi, na hapo ndipo utakapomwambia kuhusu 150,000 na saa 11 jioni. Daftari peleka jipya, tupu, ili ukurasa wa kwanza auandike yeye.

Mama wa Kinyerezi

Nimeelewa. Jumamosi hii ana ngano ya kusaga na nguo za watoto za kufua, nitakwenda saa 2 asubuhi na mtoto mgongoni. Mtu wa kukaa nasi nimempata: mwalimu wetu wa zamani, ambaye sasa anaishi Segerea, na sote wawili hatujawahi kumbishia. Afisa, nitaomba unielekeze ni nyaraka gani shoga yangu aende nazo kwa afisa ustawi, endapo ataona anataka kuendelea na wale wengine.

Afisa Kazi Mstaafu

Aanze kwa kwenda bila nyaraka yoyote, aeleze ana watoto wangapi, wa umri gani, na nyumba ni yake au ya kupanga. Ikiwa ni ya kupanga, amwambie mwenye nyumba kwanza. Afisa ustawi atamweleza masharti na kumpa orodha ya vinavyotakiwa, na pengine atakuja kupaona. Wakati anasubiri, asiongeze mtoto mwingine.